Pikipiki haina moto: tafuta kosa kabla hujanunua CDI

Mtu akifika kwa fundi na kusema "pikipiki haiwaki", bado hajasema kitu. Huenda stata, ile mota ya kuwashia, haizungushi injini. Huenda inazungusha vizuri sana, ila plagi haitoi moto. Au moto upo na stata ni nzima, lakini betri imelala kwa sababu haijapata chaji tangu wiki iliyopita. Hayo ni makosa matatu, na kila moja lina njia yake ya nyaya. Fedha nyingi zinazopotea kwenye umeme wa pikipiki hupotea kwa kutibu njia moja kwa dawa ya nyingine: betri mpya inafungwa kwenye pikipiki ambayo plagi yake haitoi cheche, au CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru plagi itoe moto, inabadilishwa mara mbili kumbe swichi ya kuzimia imeingia maji.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za kabureta za cc 100 hadi 150 ambazo bodaboda wengi wanazitumia: zile za Kichina zenye injini iliyofuata muundo wa Honda CG125, pamoja na Boxer na TVS. Zenye sindano ya mafuta na kompyuta hazimo humu. Vifaa vinavyohitajika ni maltimita ya kawaida, spana ya plagi, spana namba 8 na 10, bisibisi, kipande cha msasa, na plagi moja ambayo una hakika ni nzima.

Kwanza piga kiki

Kiki ni kipimo cha bure. Kama stata imekaa kimya lakini injini inashika kwa kiki, achana kabisa na plagi, koili na CDI. Hazina kosa, shida iko upande wa betri na stata. Kama stata inazungusha injini kwa kasi yake ya kawaida na kiki nayo haisaidii, betri haina kesi kubwa. Nenda kwenye moto. Hatua hii ya nusu dakika huwa inarukwa, halafu mtu anafungua tanki na viti bila kujua anatafuta nini.

Stata ikikaa kimya

Pima betri kwa honi, usipime kwa taa kubwa. Kwenye pikipiki nyingi za Kichina taa kubwa inalishwa moja kwa moja na magneto, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa haiwaki hata kama betri imetoka dukani leo, na injini ikinguruma inawaka hata kama betri imekufa. Honi na indiketa ndizo zinazokula betri. Honi ikilia kwa nguvu, kuna umeme. Ikikoroma, betri imeshuka au vichwa vyake vimelegea.

Sasa weka mita kwenye volti za DC. Betri iliyojaa na kupumzika saa chache inaonyesha 12.6 hadi 12.8. Kwenye 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12.0 usiitegemee kuzungusha injini. Lakini namba hii pekee inadanganya. Betri ambayo sahani zake zimechoka inaweza kukuonyesha 12.6 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka hadi 7 au 8 mara unapobonyeza kitufe. Kwa hiyo pima huku mwenzako anabonyeza stata. Ikibaki juu ya 10, betri ni nzima. Ikianguka chini ya 9.5, ichaji usiku kucha kwa chaja ndogo, upime tena. Ikirudia hivyo hivyo, imekwisha.

Kama mita inasoma 12.5 kwenye betri na hakuna kinachowaka, angalia fyuzi, ya ampea 10 au 15, kwenye kikasha kidogo karibu na betri. Usiiamini kwa macho, kwani uzi wake unaweza kukatikia ndani ya kofia ya chuma usipoonekana. Pima umeme kwenye ncha zote mbili. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna shoti, na kuifunga kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya zilizo chini ya tanki la petroli. Shoti hupenda kukaa mahali pachache: kwenye shingo ya usukani ambako nyaya hujikunja kila ukikata kona, chini ya bolti za tanki, karibu na sailensa, na kwenye waya wa taa ya nyuma unapopita kwenye madigadi.

Ikiwa honi ni nzima na fyuzi ni nzima, sikiliza stata inasema nini.

Kimya kabisa: umeme mdogo haufiki kwenye rilei ya stata, ile swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa wa betri kwenda kwenye stata. Umeme huo hutoka kwenye swichi ya funguo, ukapita kwenye kitufe, ukaingia kwenye rilei, ukatokea kwenye swichi ya klachi au ya nyutro hadi kwenye ethi, yaani chuma cha pikipiki kinachorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Weka nyutro hadi taa ya kijani iwake, vuta klachi mpaka mwisho, kisha bonyeza. Swichi ndogo iliyo chini ya mkono wa klachi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Chomoa nyaya zake mbili, ziunganishe kwa muda, ujaribu tena. Stata ikizunguka, umepata kosa, na swichi hiyo ni ya bei ndogo.

"Tak" moja, basi: rilei inafanya kazi lakini umeme mkubwa haupiti. Pikipiki ikiwa nyutro, unganisha zile nati mbili kubwa za rilei kwa bisibisi nene yenye mpini wa plastiki. Itatoa cheche, kwa hiyo hakikisha hakuna petroli inayovuja. Stata ikizunguka, rilei imeungua kwa ndani. Isipozunguka, shida ni waya mnene, ethi, au kaboni za stata zilizokwisha.

"Ta-ta-ta-ta" ya haraka: betri dhaifu au kichwa cha betri kilicholegea. Rilei ikivuta, stata inakunywa umeme wote, volti zinaanguka, rilei inaachia. Mzigo ukitoka volti zinarudi, rilei inavuta tena. Hapo rilei haina kosa, ingawa ndiyo inayopiga kelele.

Na stata ikinguruma peke yake bila injini kuzunguka, funga mita yako. Klachi ya stata iliyo ndani ya injini ndiyo iliyochoka, na hiyo ni kazi ya spana.

Kuna kipimo kimoja cha ethi ambacho mafundi wengi hawakifanyi ingawa kinaokoa saa nzima. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, halafu bonyeza stata. Mita ikisoma 0.2 au chini, ethi ni safi. Ikipita 0.5, umeme unapata tabu kurudi kwenye betri. Fungua bolti ya waya wa ethi, piga msasa mpaka chuma ing'ae, funga kwa nguvu. Pikipiki iliyotoka kupakwa rangi ni mteja wa kudumu wa kosa hili, maana rangi imeingia chini ya bolti. Iliyotoka kuchomelewa nayo ina hatari yake: kabla ya kuchomelea fremu, toa waya wa hasi wa betri na uchomoe soketi ya CDI.

Moto wa plagi

Toa plagi, irudishe kwenye kepu yake, ile kofia ya waya wa plagi, laza sehemu ya uzi wa kufungia kwenye chuma kitupu cha injini mbali na tundu lake, kwa sababu tundu hilo linatema mvuke wa petroli. Piga kiki kwa nguvu. Unatafuta cheche ya bluu inayolia "tik". Cheche nyembamba ya rangi ya machungwa inaweza kuonekana hewani, lakini ndani ya silinda yenye mgandamizo ikashindwa. Usipige kiki plagi ikining'inia bila kugusa chuma. Umeme mkubwa usiopata njia ya kutoka unaweza kutoboa koili kwa ndani, na mkono wako ukiwa karibu utakuwa ndiyo njia.

Moto usipoonekana, anza nje uingie ndani. Weka plagi nzima, yenye nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Bado? Zungusha kepu kinyume na saa, itatoka kwenye waya. Kata milimita 5 za ncha ya waya ili upate nyuzi safi, shika waya kwa koleo lenye mpira, ncha iwe milimita 5 kutoka kwenye injini, mwenzako apige kiki. Moto ukiruka hapo, kepu imekufa. Kepu nyingi zina kizuizi ndani cha takriban kilo-omu 5, na hicho hukatika hasa baada ya kuingiwa na maji. Kabla ya kwenda mbali zaidi, kumbuka hii ndiyo sababu ya pikipiki nyingi kugoma asubuhi baada ya kuoshwa kwa mashine ya maji ya presha.

Kama ncha ya waya nayo haina kitu, sasa unahitaji kujua CDI yako ni ya aina gani, maana hapa ndipo watu wenye ujuzi hubishana, na kila mmoja yuko sahihi kwa pikipiki yake.

CDI ya AC, inayolishwa umeme wa magneto, haihitaji betri hata kidogo. Ndani ya magneto kuna koili maalumu ya kuilisha. Magneto ikizunguka, koili hiyo inajaza umeme kwenye CDI. Kibonge cha chuma kwenye magneto kinapopita mbele ya pulsa, ile koili ndogo ya ishara, pulsa inatoa ishara, CDI inamwaga umeme wote kwenye koili ya plagi, na koili inaukuza hadi maelfu ya volti. Pikipiki hii unaweza kuiwasha kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa.

CDI ya DC inakula betri. Ufunguo ukiwashwa inapokea volti 12, inazikuza yenyewe kwa ndani, na pulsa inabaki kuwa mtoa ishara tu. Betri ikilala, moto nao unalala.

Kuzitofautisha ni rahisi. Chomoa soketi ya CDI, washa ufunguo, swichi ya kuzimia iwe upande wa kuwasha, kisha pima kila tundu la upande wa nyaya dhidi ya chuma cha injini. Ukikuta tundu lenye volti 12, ni DC. Usipokuta hata moja, ni AC, ama ni DC ambayo umeme wake umekatika njiani. Hapo zima ufunguo, acha swichi ya kuzimia palepale, tafuta kwa omu. Ya AC itakuwa na tundu moja lenye omu mia kadhaa, yaani koili ya kulisha, na jingine lenye omu 100 hadi 200, yaani pulsa. Ya DC itakuwa na pulsa pekee.

Jambo hili lina uzito kwa sababu swichi ya kuzimia inafanya kazi kinyumenyume kwenye mifumo hii miwili. Kwenye DC, kuzima ni kukata waya. Kwa hiyo waya uliokatika unaizuia pikipiki kuwaka. Kwenye AC, kuzima ni kuupeleka umeme wa CDI kwenye ethi. Waya wa kuzimia ukikatika pikipiki itawaka, ila haitazimika kwa ufunguo. Waya huo ukigusa chuma popote, au swichi ikiingia maji, pikipiki imezimwa muda wote hata ufunguo ukiwa umewashwa. Ndiyo maana kwenye pikipiki ya Kichina ya AC kipimo cha kwanza baada ya plagi na kepu ni kuchomoa ule waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye soketi ya CDI na kupiga kiki. Moto ukirudi, CDI yako ni nzima. Kosa liko kwenye swichi ya mkononi, swichi ya funguo, au waya uliochubuka kati yake. Injini ikishika huku waya umetolewa, hutaweza kuizima kwa ufunguo, basi weka gia ya juu, kanyaga breki, achia klachi taratibu ife yenyewe.

Waya huo usipokuwa na hatia, pima koili kupitia soketi ileile, ufunguo ukiwa umezimwa na waya wa kuzimia ukiwa umetolewa. Pulsa, waya wa bluu wenye mstari mweupe hadi ethi, omu 100 hadi 200. Koili ya kulisha, waya mweusi wenye mstari mwekundu hadi ethi, kwa kawaida kati ya omu 150 na 500. Mita ikionyesha imekatika kabisa, fuata soketi kubwa inayotoka kwenye magneto kabla ya kufungua injini, maana pini iliyorudi nyuma ndani ya soketi inatoa jibu hilohilo. Ikionyesha sifuri, waya umegusa chuma. Kwa uhakika zaidi weka mita kwenye volti za AC na upige kiki: koili ya kulisha inapaswa kutoa makumi ya volti, pulsa sehemu ndogo tu ya volti au zaidi kidogo. Usishike ncha kwa vidole.

Koili ya plagi ina upande wa kuingilia wenye chini ya omu 1, na upande wa kutokea wenye kilo-omu 3 hadi 5 ukipima bila kepu. Hakikisha pia koili imebana fremu yenye chuma safi, kwa sababu ethi yake iko hapo.

Waya wa kijani wa CDI, ambao ni ethi, usome chini ya omu 1 hadi kwenye fremu. Kama ni DC, pima volti za kuingilia wakati stata inazunguka. Kuna ugonjwa mmoja wa kuudhi hapa: stata inazungusha injini, lakini betri dhaifu haibakizi volti za kutosha kwa CDI, na injini inashika pale tu unapoachia kitufe. Ukiona dalili hiyo, usiguse CDI. Tibu betri.

Baada ya yote hayo kupita salama, ndipo CDI inakuwa na kosa. Azima moja nzima ya aina ileile ujaribu kabla ya kulipa. Soketi zinaweza kufanana ilhali moja ni ya AC na nyingine ya DC, na kuichomeka isivyo ni njia ya haraka ya kupata CDI mbili mbovu.

Pikipiki inayozima ikipata joto na kuwaka tena baada ya kupoa nusu saa ni kesi nyingine. Waya mwembamba ndani ya pulsa au koili ya kulisha hukatika joto likipanda, ukaungana baridi ikirudi. Ukipima asubuhi nyumbani utakuta kila kitu kiko sawa. Pima barabarani palepale ilipozimia, dakika ileile.

Na kama moto ni wa bluu, plagi inatoka imelowa petroli, lakini injini inarudisha kiki kwa nguvu au inapasua kwenye sailensa, fungua mfuniko wa magneto uangalie kabari yake ndogo ya nusu duara. Ikikatika, magneto huteleza kwenye ekseli na moto unakuja wakati usio wake.

Rangi za nyaya zisikudanganye

Rangi zilizotajwa hapa ni za muundo wa Honda ambao Wachina wengi waliufuata: nyekundu ni chanya ya betri, nyeusi ni umeme baada ya ufunguo, kijani ni ethi, nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda kwenye koili ya plagi. Kwenye Bajaj mambo ni tofauti: nyeusi yenye mstari wa njano ndiyo ethi, na kahawia ndiyo umeme baada ya ufunguo. Fundi aliyezoea pikipiki moja akifanya kazi kwa mazoea kwenye nyingine atatengeneza shoti kwa mikono yake. Isitoshe, pikipiki iliyopitia mikono mitano ina nyaya za redio na za umeme wa nyumba zilizoungwaungwa kwa tepu. Hapo rangi haina maana tena, fuata mita.

Kwa walio pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, fungua kila soketi walau mara moja baada ya masika. Hewa ya chumvi inaotesha ukungu wa kijani kwenye pini za shaba, na pini inaonekana imeshika kumbe umeme haupiti. Piga brashi, paka grisi kidogo, rudisha.

Ikiwaka leo, iwake na kesho

Injini ikishanguruma, pima betri ukiwa umepandisha mwendo wa kati. Inatakiwa isome 13.5 hadi 14.8. Ikibaki 12.5, haichaji: ama koili ya chaji kwenye magneto imeungua, ama rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa magneto kuwa wa betri na kudhibiti volti zake. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kudhibiti, na utaona maji ya betri yanaisha na balbu zinakufa ovyo. Maji hayo yaongezwe kwa maji ya betri yaliyokenekwa (distilled) tu, kati ya mistari miwili. Maji ya kunywa ya chupa yana madini, na asidi haiongezwi kwenye betri iliyokwisha kutumika. Betri mpya ya kujaza asidi iache itulie nusu saa, halafu uichaji kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani ampea 0.5 kwa betri ya ampea-saa 5. Ikifungwa moja kwa moja kwenye pikipiki, haitafikisha uwezo wake.

Kisha hesabu mizigo. Taa za LED za wati 30 zinavuta ampea 2.5. Dereva akiziacha zikiwaka kijiweni huku injini imezimwa, betri ya ampea-saa 5 haifikishi saa mbili. Alamu inayovuta miliampea 25 usiku na mchana inaimaliza betri hiyohiyo kwa takriban siku nane. Kuikamata, zima ufunguo, toa waya wa hasi, weka mita iliyopangwa kwenye ampea kati ya waya huo na betri. Isiyo na alamu isome karibu na sifuri. Ikizidi, chomoa soketi moja moja, ukianza na vitu vilivyoongezwa baadaye, mpaka namba ianguke. Usiguse kitufe cha stata mita ikiwa hapo, la sivyo fyuzi ya mita itakatika.